Msalaba wa Chaki kwenye Mashine ya Mwanga

Tharcisse Onema hagongi kitu mara mbili. Akifika nyumbani kwa mtu hugonga mlango mara moja tu, kisha husimama kimya mpaka mwenye nyumba akumbuke kwamba kuna mgeni nje. Chungu cha sokoni hukipiga kwa fundo la kidole mara moja, akakisikiliza, akakirudisha chini au akakichukua. Majirani zake wa mtaa wa Alunguli humcheka, nao wana haki, maana mzee wa miaka sitini na minane kusimama mlangoni kama nguzo ya simu ni kichekesho kweli. Lakini mazoea hayo hayakuanzia mlangoni. Yalianzia kwenye reli.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mgongaji wa magurudumu katika stesheni ya Kindu. Treni ikiwa imesimama, kabla haijaondoka kwenda Kibombo na kusini zaidi, yeye aliifuata kutoka kichwa hadi mkia akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akaligonga kila gurudumu mara moja. Gurudumu lisilo na ila hulia kama kengele, na mlio wake hukaa hewani kidogo. Lenye ufa hutoa sauti fupi, kavu, kama mtu aliyekatizwa maneno. Likilia vizuri, mgongaji hupaza sauti, "Iko muzima!" Likilia vibaya, haongei. Huchora msalaba wa chaki kwenye behewa, na behewa lenye msalaba haliondoki, aje mkubwa gani. Desturi ya kazi ilikuwa hivi: aliyechora msalaba ndiye peke yake anayeweza kuufuta. Na gurudumu lililomtia mtu shaka, hilo tu ndilo lililogongwa mara ya pili.

Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na nane, waasi walipoukaribia mji, treni ilipangwa kuondoka asubuhi na watu waliijaza kabla jua halijapanda. Tharcisse na mkewe Mwadi walikuwa na watoto wawili. Dodo alikuwa mchanga na siku hiyo alikuwa na homa, kwa hiyo Mwadi hakusafiri. Yvette, mwenye miaka tisa, alipandishwa behewa la tatu pamoja na shangazi yake Émilienne, aende Kibombo kwa bibi yake ambako hapakuwa na askari. Tharcisse alikuja akigonga magurudumu yake kama kawaida. Alipofika behewa la tatu, gurudumu la pili la upande wa kushoto lililia, lakini mlio haukukaa.

Aliligonga mara ya pili. Safari hii alisikia mlio umekaa kidogo, au aliutaka ukae. Alijua msalaba wa chaki ungemaanisha nini: behewa lingefunguliwa na kuachwa, watu zaidi ya themanini wangeshuka, na Yvette angerudi nyumbani kungoja vita. Hapakuwa na behewa jingine. Akainua uso, akaona nyuso zote zile zikimtazama kutoka juu, na wa binti yake ukiwa mmojawapo. Akasema, "Iko muzima."

Gurudumu lilivunjika kabla ya kufika Kibombo. Watu kumi na wanne walikufa, Yvette na Émilienne wakiwa miongoni mwao, nao walizikwa palepale kando ya reli na wanakijiji ambao hawakuwajua. Siku chache baadaye mji ukaingia mikononi mwa waasi, njia zikafungwa, na ikapita miezi mingi kabla baba hajaliona kaburi la mwanawe. Hakuna mtu aliyemuuliza lolote kuhusu gurudumu. Ofisi ya kuuliza haikuwepo tena. Afadhali angeulizwa, akafungwa, akatukanwa. Kukosa kuulizwa kulimla ndani kwa ndani, na hata Mwadi hakumwambia.

Vita vilipoendelea, ikafika miaka ambayo Kindu ilizingirwa pande zote. Treni hazikuja, nyasi ziliota katikati ya reli, watu walikula majani ya muhogo asubuhi na majani ya muhogo jioni. Tharcisse hakuacha kwenda stesheni. Alipita kwenye mabehewa yaliyosimama na kutu yake, akagonga gurudumu moja moja, mara moja kila moja, akasikiliza. Watu walisema njaa imempanda kichwani. Ukweli ni kwamba alikuwa akilitafuta sikio lake, ajue kama lilimdanganya siku ile au ni yeye aliyelidanganya. Aligundua kwamba sikio halikuwa na kosa hata kidogo.

Sasa tuje kwenye mashine ya mwanga, maana hiyo ndiyo iliyomfanya mzee huyu asemwe Kindu nzima mwaka huu.

Reli ilipoamka ilimkuta amezeeka, na Odette, muuguzi mkuu wa kliniki ndogo ya macho ng'ambo ya mto, akamwajiri awe mlinzi, mfagiaji na mwashaji wa jenereta. Kila asubuhi Tharcisse huvuka Lualaba kwa mtumbwi, nyundo yake begani, kana kwamba huko aendako kuna treni. Miaka miwili iliyopita kliniki ilipewa leza kuukuu kutoka Ulaya. Ilikuja kwa lori kutoka Kisangani kupitia Lubutu, siku tisa njiani, ikirushwa kwenye mashimo hata sanduku likapasuka pembe. Ni mashine ya kutibu watu ambao wameshatolewa mtoto wa jicho, kisha utando ukaota nyuma ya lenzi mpya na kuwafumba tena. Haikati kwa kisu. Hupiga mwanga mara ishirini au thelathini, kila mpigo mfupi kuliko kitu chochote unachoweza kukitaja, na utando hufunguka tundu dogo, mtu akaona.

Siku ya kwanza Tharcisse alipoiona ikijaribiwa, alivua kofia. Mwanga wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni cheche ndogo pale unapotua, na kinachosikika ni sauti: tak. Mwanga wenye sauti! Alirudi nyumbani akamwambia Mwadi kwamba ameishi kuona Mungu akigonga.

Mwadi alicheka kwa uchungu kidogo, kwani yeye hakuwa anaona kitu. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani kwa presha ya jicho. La kulia lilitolewa mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita, likaona vizuri mwaka mmoja, kisha utando ukalifunika. Mjukuu wao Espérance, binti wa Dodo, alizaliwa, akaota meno, akaanza kutembea, na bibi yake alimjua kwa vidole tu. Daktari wa leza, Bruno, huja kutoka Kisangani mara moja kwa mwaka na kukaa siku tatu. Safari iliyopita mashine haikuwa na taa yake ya kuilisha nguvu, hakutibiwa mtu. Mwaka huu taa ilikuwepo, na jina la Mwadi lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya watu arobaini na mmoja.

Odette alikuwa amemfundisha Tharcisse kuijaribu mashine. Unabandika karatasi ya kaboni juu ya kibao cha mti, unaipiga mara thelathini, unatazama kama nukta zimekaa mahali pake. Kaboni siku hizi ni adimu kama maziwa ya kuku. Wanaipata kwa Didier, karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ambaye bado anaandika vyeti kwa mashine ya taipu. Juma moja kabla ya daktari kufika, Tharcisse aliona thelathini hazitoshi. Mkewe ndiye atakayekaa pale. Akapiga mia mbili.

Tak, tak, tak, tak. Zote sawa, kama mtu anayetembea bila haraka. Kwenye mpigo wa mia na sitini na tatu ikasikika sauti nyingine kabisa, nzito, iliyomrusha nyuma hatua moja. Kisha tak, tak, tak, kama vile hakukutokea kitu.

Akaitazama kaboni. Nukta zote zilikuwa za ukubwa wa kichwa cha pini. Moja ilikuwa kama punje ya dengu, na ilikuwa imepita kwenye kaboni, ikapita kwenye karatasi ya chini, ikaacha kovu kwenye kibao. Akapiga tena mia nne. Lile pigo, jitu kweli, lilikuja mara moja. Akapiga mia tatu, halikuja. Akapiga hamsini, likaja mara mbili. Tharcisse akakaa chini sakafuni. Gurudumu lenye ufa lina ufa kila linapozunguka. Hilo alilielewa tangu ujana. Lakini maisha yake yote hakuwahi kukutana na chombo kinachougua kwa pigo moja, halafu kikapona chenyewe kabla hujafumba jicho. Aliogopa, na ndani ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyefungua kabati la nyumbani kwake akakuta limeingia mbingu.

"Baba Tharcisse, iko kaboni ya mubaya," Odette alimwambia. "Angalia mashini yenyewe inaandika nguvu ngapi. Moja na nusu. Kila siku moja na nusu."

"Ile inaandika wastani wa mapigo mia, mama. Mimi ninasikia moja moja."

"Sasa sikio yako inashinda mashini ya Wazungu?"

Tharcisse akaviweka vibao vyake pembeni. Juma zima alijaribu kujibembeleza. Akajiambia kwamba manne katika karibu elfu si kitu. Akajiambia kwamba daktari anajua kuliko yeye. Akamtazama Mwadi akimpapasa Espérance usoni, kidole kikifuata nyusi, pua, mdomo, na akajiambia tena. Halafu akapiga hesabu ambayo mtoto wa shule angeiweza: watu arobaini na mmoja, kila mmoja mapigo ishirini na tano. Ni zaidi ya elfu. Basi katika hao, watatu au wanne watapigwa na jitu, na hakuna ajuaye ni akina nani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Yeye alikuwa amekwisha kuusikia mshindo huo maishani.

Siku daktari alipofika, mabenchi ya uani yalikuwa yamejaa tangu alfajiri. Wengine walitoka Kibombo, wengine Pangi kwa miguu, wakiongozwa kwa fimbo na wajukuu zao. Dokta Bruno alivaa koti jeupe, akaingia chumbani, akakuta juu ya mashine msalaba mkubwa wa chaki.

"Nani amechora hii kitu?"

"Njo mimi, dokta, ni mimi," Tharcisse akasema.

Odette alikuwa ameshika kitambaa kuufuta. Tharcisse akaweka mkono juu ya chaki. Hakumsukuma, aliweka mkono tu, na Odette, ambaye hamwogopi mtu yeyote Kindu, akarudi nyuma. Mzee akaeleza. Akaonyesha vibao vyake, kovu kwa kovu. Daktari akasikiliza kwa subira ya mtu ambaye watu arobaini na mmoja wanamngoja.

"Muzee, wastani ni muzuri. Miaka yote tunafanya kazi na wastani."

"Dokta, jicho halipigwi na wastani. Jicho linapigwa na pigo moja."

Habari zilitoka nje upesi. Mlinzi amefunga mashine! Mtu wa jenereta amemkataza daktari! Mzee mmoja wa Pangi akainua fimbo yake hewani bila kujua ampige nani. Wengine wakamgeukia Mwadi kwenye benchi, wakamuuliza mume wake ana ugomvi gani na macho yake. Mwadi alikaa wima, mikono mapajani, akasema tu kwamba Tharcisse hagongi ovyo.

Aliyewaokoa ni Tshibola, binti wa kaka yake Mwadi, anayefundisha fizikia chuo kikuu. Odette ndiye aliyempigia simu, akitumaini atakuja kumtuliza mzee. Akaja kwa pikipiki na osiloskopu ya maabara mapajani, ile mashine yenye kioo inayochora umeme kama mstari, na kijicho kidogo cha kunasa mwanga. Alivitazama vile vibao kwa muda mrefu. Hakucheka.

"Dokta, nipe mchana huu tu," akasema.

Kile alichokiona Tharcisse kwenye kioo kile mchana ule, anakisimulia mpaka leo. Kila mpigo ulichorwa kama kilima chembamba. Alitarajia vilima sawasawa, kwa kuwa sikioni vilikuwa sawasawa. Havikuwa sawa. Kimoja kirefu kidogo, kimoja kifupi kidogo, hiki kimechelewa, kile kimewahi, hakuna viwili vilivyofanana tangu mwanzo mpaka mwisho, kama nyuso za watu sokoni. Kisha, bila onyo, kikapanda kimoja mpaka kikatoka nje ya kioo.

"Tonton, mjomba, umeona?" Tshibola akasema kwa sauti ndogo, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama.

"Shetani gani anaingia mule?"

"Hakuna shetani, na hakuna bahati. Njo hiyo inanishangazaka." Akamweleza taratibu. Ndani ya mashine kuna fuwele, na taa inailisha nguvu. Mbele ya fuwele kuna kioo kinachokunywa mwanga. Kinakunywa, kinakunywa, mpaka kinashiba, na kikishiba kinauachia wote kwa mara moja: huo ndio mpigo. Lakini fuwele haimalizi sahani yake. Kila mpigo huacha masalio na joto, na mpigo unaofuata huanza na masalio hayo. Mara nyingi tofauti hupotea. Ila ukiilisha fuwele kupita kipimo fulani, au njia ya Lubutu ikiwa imevitikisa vioo vyake, tofauti haipotei tena, inazaa. Chembe ya leo inakuwa punje kesho, na baada ya mapigo mia huwezi kujua itakuwa nini, ijapokuwa kila hatua inafuata sheria bila kukosa. Halafu siku moja masalio yote yanakutana mahali pamoja.

"Basi kila kitu iko na sheria," Tharcisse akasema, "na hata hivyo hakuna muntu anajua."

"Njo vile, tonton."

Mzee akakitazama tena kioo. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akiamini kwamba dunia imegawanyika: upande huu mambo yenye mpango, upande ule mambo ya kufuka na kulipuka, vita, gurudumu, kifo cha mtoto. Na hapa palikuwa na kitu kidogo kuliko kidole chake, kisicho na chuki wala ulevi, kikitembea kwa sheria hatua kwa hatua mpaka kikazaa jitu. Machozi yakamtoka bila huzuni. Wakubwa wa reli aliwahi kuwavulia kofia kwa sababu ya mshahara. Hii aliivulia kwa sababu ya mshangao tu.

Wakaendelea kupiga, Tshibola akiwa macho kiooni, Tharcisse amefumba macho kabisa. Ghafla mzee akainua mkono. Tak, tak, kisha jitu likaja.

Tshibola akageuka. "Umejuaje?"

"Kabla yake inashuka. Tatu zinashuka, kama muntu anayeinama kubeba mzigo."

Akaambiwa ainue mkono kila akisikia hivyo. Yakaja majitu kumi na moja mpaka saa kumi, na mara tisa mkono wake ulikuwa juu kabla. Tshibola akarudi kwenye michoro yake, akaipima, akakuta kweli: mipigo mitatu ikishuka kabla ya kila jitu, tofauti ndogo kiasi kwamba yeye aliyesoma hakuiona. Akaiweka kalamu chini, akamtazama mume wa shangazi yake kama anamwona mara ya kwanza. Dokta Bruno naye alikuwa amevuta kiti karibu, na koti lake jeupe lilikuwa limejaa vumbi la kaboni.

Dawa ilikuwa ya kawaida, karibu inaudhi kwa ukawaida wake. Siku ya pili Tshibola alisafisha vioo, akakaza vilivyolegea, akapunguza chakula cha taa mpaka chini ya kile kipimo ambapo tofauti huacha kuzaa. Mpigo ulikuwa mdogo zaidi. Daktari alisema atapiga mara nyingi zaidi, hakuna neno. Vilima vikakaa safu moja kiooni, vyote kimo kimoja. Tshibola akasema tayari. Daktari akasema tayari. Tharcisse akasema elfu tatu.

"Elfu tatu nini?"

"Mapigo. Nisikie elfu tatu, bila moja ya wazimu."

Wakati wa kubishana ulikwisha jana yake. Odette mwenyewe alikwenda komini, akarudi na kaboni zote za Didier, ambaye siku hiyo hakuandika cheti cha mtu. Wagonjwa waliambiwa walale tena mjini usiku mwingine. Tharcisse alisikiliza kutoka saa nne mpaka jioni, kiti kikiwa karibu na mashine, mdomo wazi kidogo, na uani walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Elfu tatu zikatimia. Jitu halikuja. Hata hivyo hakuufuta msalaba. Alisema mashine ilale, asubuhi ataisikiliza ikiwa baridi.

Asubuhi ya siku ya tatu, Mwadi alimwita kwenye benchi kabla hajaingia ndani.

"Keti. Watu wanasema unanizuia mimi bibi yako nisione. Mimi nimekaa kimya siku mbili. Sasa niambie sababu, lakini sababu yenyewe."

Tharcisse alikaa. Aliitazama nyundo yake. Kisha alisema lile ambalo hakulisema miaka ishirini na saba, kwa maneno machache, kwa kuwa mengi hayakuwepo: behewa la tatu, gurudumu la pili la kushoto, mlio ambao haukukaa. "Nilisikia, Mwadi. Nikasema iko muzima."

Mwadi hakulia. Alinyoosha mkono akautafuta wake mpaka akaupata.

"Nilikuwa nimesimama pale na Dodo mugongoni," akasema. "Nilionaka. Uligonga mara mbili."

Mzee akamgeukia.

"Binti ya muntu wa reli mimi. Nilijua mara mbili njo nini. Ningeita tu, 'Yvette, shuka,' angeshuka. Sikuita. Niliogopa waasi kuliko gurudumu. Wewe ulinyamaza, na mimi nikanyamaza. Miaka yote nilikuwa ninangoja useme yako, nipate nguvu ya kusema yangu."

Walikaa hivyo, wazee wawili kwenye benchi la wagonjwa, na yule wa Pangi mwenye fimbo akageuza uso wake upande mwingine kwa adabu ingawa hakuwa anaona. Majuto ni mjukuu, lakini hawa waliwalea wawili, kila mmoja wa kwake, ndani ya nyumba moja.

Ndani, Tharcisse aliipiga mashine ikiwa baridi. Mara mia, mara mia tatu, mara mia tano. Daktari hakutazama saa. Mzee akasimama, akaweka kiganja chake juu ya ule msalaba, akaufuta, polepole, mpaka pembe zake zote nne zikaisha. Akapaza sauti yake ya stesheni, ambayo Kindu haikuisikia tangu vita, na watu wote uani wakaisikia:

"Iko muzima!"

Odette akamwingiza Mwadi, akamkalisha mbele ya mashine, akamwonyesha kwa mkono mahali pa kuweka kidevu. Mwadi akausimamisha uso wake hewani, hakuuweka.

"Tharcisse."

"Niko hapa."

"Umegonga mara ngapi?"

"Mara moja."

Akaweka kidevu, akafumbua jicho. Daktari alipiga mara thelathini na mbili. Tharcisse alisimama ukutani ameipa mashine mgongo, akizihesabu kwa midomo, na kila moja ililia sawa na mwenzake.

Ilipofika saa sita ukungu wa jicho ulikuwa umeondoka. Mwadi alikuwa kivulini uani, Espérance mapajani, akimtazama na kumtazama, na mtoto akamvuta sikio kwa kuchoshwa. Tharcisse alipokuja na maji ya kunywa, mkewe hakusema lolote kuhusu mvi zake wala mikunjo yake. Aliushika mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaona kiganja cheupe kwa chaki. Akalowanisha pembe ya kikwembe, kitenge chake, ndani ya kile kikombe, akaanza kumfuta vidole, kimoja kimoja.